Lesoni ya 9: Mpeni Mtoto Chakula

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya jifunzo la juma hili: Marko 5:35-43, 1 Wafalme 19:4-8, Danieli 1:8-16, 1 Wakorintho 11:17-22, 33, Kutoka 16:13-30, Isaya 58:6-14, Mwanzo 41:33-36, Malaki 1:6-8.

Fungu la Kukariri: Marko 5:43. Kila mmoja alisome katika Biblia yake, kisha kundi lilirudie pamoja.

Binti wa Yairo alikuwa na miaka kumi na miwili. Kwetu Mpanda angekuwa darasa la sita. Yesu aliingia chumbani, akamshika mkono, akamwinua kutoka katika wafu, na wazazi wakashikwa na mshangao mkubwa. Wangeweza kusimama pale hadi jioni wakimtazama. Ndipo Bwana akatoa maagizo mawili. La kwanza, wasiitangaze habari ile. La pili ndilo fungu letu la juma hili: mtoto apewe chakula.

Tumezoea kulisoma agizo hilo haraka haraka, kwa sababu muujiza tayari umekwisha. Luka, aliyekuwa tabibu, hakuliacha (Luka 8:55). Bwana aliyemrudishia mtoto uhai hakumwona kuwa mdogo mno hata njaa yake isikumbukwe, wala hakumlisha kwa muujiza wa pili. Kazi ya kupika aliwaachia watu wa nyumba ile.

Juma hili tunajifunza habari ya chakula cha mchana shuleni. Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa, halina nafasi katika lesoni. Tuwaombe wavumilie hadi Jumatano.

JUMAPILI: Saa Kumi

Soma 1 Wafalme 19:4-8. Malaika alimpa Eliya nini kabla Mungu hajasema naye pale Horebu? Mara ngapi?

Eliya alikuwa amechoka, amekata tamaa, anaomba afe. Mbinguni hakukutumwa hotuba. Ulitumwa mkate uliookwa juu ya makaa na chupa ya maji. Akala, akalala. Malaika akaja tena, akamwambia ale kwa maana safari ilikuwa ndefu kwake. Sauti ndogo ya utulivu, ile tunayopenda kuihubiri, ilikuja baadaye, kwa mtu aliyekwisha kula mara mbili.

Sasa tumfikirie mtoto wa shule ya kutwa katika vijiji vyetu, iwe Nsimbo, Mishamo, Mpimbwe au kando ya ziwa kule Karema. Anatoka nyumbani saa kumi na mbili asubuhi. Mara nyingi ameondoka na maji tu, au kikombe cha chai ya rangi. Wengine wanatembea mwendo wa saa nzima. Darasani anakaa hadi alasiri, kisha anafagia, anarudi, anafika nyumbani kama saa kumi jioni. Hizo ni saa kumi kamili. Sisi Waadventista tumefundishwa na Roho ya Unabii kwamba kati ya mlo na mlo zipite saa tano au zaidi ili tumbo lipumzike, na watoto wasizoezwe kutafunatafuna ovyo. Ni mafundisho mema. Lakini tumbo la mtoto huyu halikupumzika. Liliachwa tu.

Mwalimu yeyote anayefundisha kipindi cha baada ya saa sita anamjua mtoto mwenye njaa. Hasumbui. Ametulia mno. Anatazama ubao lakini hauoni. Ukimwuliza swali anaamka kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Wengine tunaandika kwenye ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa, na kumbe hesabu ya asubuhi aliipata yote.

Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika mkoa wa Katavi asilimia 32 ya watoto walio chini ya miaka mitano wana udumavu. Kwa nchi nzima ilikuwa asilimia 30. Tuseme ukweli: uji wa shuleni hauwezi kurudisha kimo kilichopotea mtoto akiwa na mwaka mmoja. Kazi hiyo ni ya mama mjamzito, kliniki na chungu cha nyumbani. Lakini watoto hao wanakua, wanavaa sare, wanaingia darasa la kwanza. Tunawapokea wakiwa tayari wamepungukiwa, kisha tunawaongezea saa kumi.

Na mkoa wenyewe si wa njaa. Mtu akipita barabara ya Sumbawanga baada ya mavuno ataona magunia ya mahindi yamepangwa hadi usawa wa paa. Mpunga wa Mpimbwe unauzwa mbali. Karanga zipo, maharage yapo, asali ya Inyonga ipo, dagaa na migebuka wa Tanganyika wanafika sokoni Mpanda. Ndiyo maana jambo hili linatuuma zaidi kuliko lingewauma watu wa nchi kavu.

JUMATATU: Mtama wa Danieli

Soma Danieli 1:8-16. Danieli aliomba apewe chakula gani? Alitaka ajaribiwe kwa siku ngapi?

Hili ndilo fungu ambalo kila Msabato analijua. Neno la Kiebrania alilotumia Danieli maana yake ni vitu vinavyotokana na mbegu, yaani nafaka, kunde na mboga. Wafasiri wa Biblia yetu ya Union walichagua neno mtama, na nadhani walifanya vyema, kwa sababu msomaji wa Kiswahili anaiona mara moja sahani yenyewe. Chakula cha Danieli kilikuwa chakula cha kwao shambani. Cha mfalme ndicho kilichokuwa cha fahari.

Hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi, na waumini wakiwamo, tumeligeuza. Chakula cha shamba tunakionea aibu, cha dukani tunakionea fahari. Mama anamtengea mtoto shilingi mia mbili au mia tano, anasema, "Utakula shuleni." Mtoto anafika langoni, anakuta meza. Kuna barafu za rangi nyekundu zilizofungwa kwenye vifuko vya nailoni, pipi, jojo, ubuyu, bisi, na juisi ya unga iliyokorogwa kwa maji ambayo hakuna aliyeuliza yametoka wapi. Anapaka midomo rangi, tumbo linabaki tupu. Hatuwalaumu akina mama wanaouza pale. Nao wana watoto. Baadhi yao huuza mihogo ya kuchemsha, karanga na maembe, na hao tuwaunge mkono. Ila fedha ile ile ya mia tano, ikiwekwa pamoja na ya wenzake, ingenunua maharage.

Chukueni mfano wa unga. Mahindi yakikobolewa ili sembe iwe nyeupe, kiini na ganda la nje vinaondoka, na humo ndimo zilimokuwa sehemu kubwa ya vitamini, madini na mafuta. Tunalipia kinu kiondoe chakula, tunawapa kuku pumba, kisha tunashangaa kuku wamenona. Dona haikai muda mrefu kama sembe, hilo ni kweli, kwa hiyo shule isage kidogo kidogo, ya juma moja au mawili. Watoto watalalamika siku tatu za kwanza. Danieli aliomba kumi.

Makande ni chakula bora kuliko sifa zake. Mahindi na maharage vikichanganywa, kila kimoja kinakamilisha upungufu wa kingine katika kujenga mwili. Maharage yakilowekwa usiku kucha, kuni zinapungua na tumbo halijai gesi. Tatizo la makande ya shule zetu ni kwamba mara nyingi yanaishia hapo: mahindi, maharage machache yanayotafutana, na chumvi. Ongezeni matembele, majani ya maboga, mchicha au kisamvu, kitu ambacho kinaota hata nyuma ya choo cha shule bila kumwomba mtu ruhusa. Karanga zilizosagwa ziingie kwenye uji. Embe, papai au kipande cha limau vikiliwa pamoja na maharage vinasaidia mwili kuchukua madini ya chuma. Chai ya rangi pamoja na chakula hufanya kinyume chake, inazuia chuma kisiingie mwilini. Wazee wetu waliokataa chai kwa imani hawakuujua mfano huu, lakini ndio huu.

Ellen White alipopewa nuru kuhusu afya, mwezi wa Juni 1863 kule Otsego, Marekani, kanisa letu lilikuwa halijamaliza hata mwezi mmoja tangu liundwe rasmi. Ujumbe huo tumeubeba miaka mingi. Mara nyingi tunaubeba kama orodha ya vitu tusivyokula: nguruwe, pombe, tumbaku, kahawa. Ukimwuliza jirani wa Mpanda Wasabato ni akina nani, ataanza na nguruwe. Ingekuwa vizuri siku moja aanze na uji wa watoto.

Kwa kutafakari: Ukitazama mfuko wa mtoto wako anapotoka shuleni, utakuta masalio ya nini?

JUMANNE: Daftari

Soma 1 Wakorintho 11:17-22 na 33. Kosa la Wakorintho mezani lilikuwa nini hasa? Katika aya ya 22 Paulo anasema walikuwa wanawafanyia nini wale wasio na kitu?

Serikali ilipofuta ada na michango ya lazima mwaka 2016, chakula cha mchana kwa wanafunzi wa kutwa kilibaki mikononi mwa wazazi. Kwa hiyo kila kijiji hukaa kikao na kupatana: debe la mahindi, kilo kadhaa za maharage, fedha kidogo ya mpishi na chumvi. Wengi hutoa. Wengine hawatoi. Hapo ndipo swali linapozaliwa: mtoto wa asiyetoa atafanywaje?

Naomba niseme jambo langu mwenyewe. Kabla sijaitwa katika idara, nilifundisha darasa la nne katika shule moja ya kutwa. Waliochangia waliandikwa kwenye daftari, na daftari hilo nilishikishwa mimi, kwa kuwa ni Msabato na wazazi waliamini sitaiba. Kengele ya mchana ikigongwa nilisimama mlangoni mwa jiko na kusoma majina. Watoto ambao hawakuwamo waliambiwa wakacheze uwanjani. Hawakucheza. Walikaa chini ya mwembe, na upepo ulikuwa ukitoka upande wa jiko.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kike ambaye kila siku saa hiyo aliniomba ruhusa. "Shikamoo mwalimu. Naomba niende nyumbani nikale." Nilimruhusu, tena nilifurahi kwamba kwao angalau wanapika. Siku moja nilipita nyuma ya madarasa nikamkuta kwenye bomba, ameinama anakunywa maji kwa mikono. Akamaliza, akakaa, akasubiri kengele. Nyumbani hakukuwa na mtu wala chakula. Aliomba ruhusa ile mbele ya wenzake ili waone kwamba naye amekwenda kula.

Sikumwandika. Nilihofu kwamba nikimwingiza mmoja, wazazi waliotoa wataacha kutoa. Jioni nilijumlisha daftari langu, na hakuna punje iliyopotea. Muhula uliofuata hakurudi, na sikwenda kuuliza.

Paulo aliandika sura ya kumi na moja kwa kanisa lililokuwa na Meza ya Bwana, lenye karama zote, lakini ambalo watu wake walifika mezani na vyakula vyao, wakala wenye navyo kwanza. Watumwa na vibarua walifika baadaye, kazi zao zikiisha, wakakuta vyombo vitupu. Huyu ana njaa na huyu amelewa, chini ya dari moja. Paulo hakuwaambia kwamba utaratibu wao una kasoro ndogo. Aliwaambia wanalidharau kanisa la Mungu na kuwatahayarisha wasio na kitu, na kwamba mlo wa namna hiyo haukuwa tena chakula cha Bwana. Akamaliza kwa agizo rahisi: wangojeane.

Katika vikao vya wazazi husikika fungu jingine, 2 Wathesalonike 3:10, kuhusu mtu asiyetaka kufanya kazi. Nimelisikia likisomwa na mzee wa kanisa mbele ya mwalimu mkuu. Someni vizuri. Paulo anamsema mtu mzima anayekataa kazi. Mtoto wa darasa la pili hajakataa kazi yoyote. Pengine asubuhi hiyo alichota maji ndoo mbili kabla ya kuvaa sare. Ni kweli wako akina baba wenye mahindi ndani ambao hawatoi kwa ukaidi, au wameyanywa kilabuni. Hao wafuatwe. Wafuatwe na kamati, na mwenyekiti, na mzee wa kanisa kama ni mshiriki wetu, tena bila kuonewa haya. Lakini wafuatwe wakati mtoto akiwa amekwisha kula.

Na wako wasionacho kabisa: bibi anayelea wajukuu watano, mjane, baba aliyekaa na kifua mwaka mzima. Hawa nao wana mikono. Anaweza kuleta mzigo wa kuni, kuchota maji, kusaidia kupika siku mbili kwa juma, kupalilia shamba la shule. Mchango wake uandikwe kwenye daftari kama ulivyo wa debe, kwa wino ule ule, na kusiwe na safu ya peke yake inayoitwa maskini.

JUMATANO: Sura Mbili za Sabato

Soma Kutoka 16:13-30, kisha Isaya 58:6-14.

Ukitaka kumwonyesha mtu kwamba Sabato ilikuwapo kabla ya Sinai, unamfungulia Kutoka 16. Ukitaka kumwonyesha namna ya kuitunza, unamfungulia Isaya 58, aya ya 13 na 14. Mafungu haya tunayo kwa moyo. Lakini zisomeni sura hizo kutoka mwanzo. Zote mbili zinahusu chakula.

Katika Kutoka 16 Sabato inafundishwa kwa kutumia kipimo cha chakula, pishi kwa kila kichwa. Aya ya 18 inasema walipopima, aliyeokota kingi hakuzidiwa na aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Kila mtu alipata kadiri ya ulaji wake. Mungu alihesabu walaji. Hakuhesabu wenye nguvu za kuokota. Ni taifa lililokuwa limetoka utumwani juzi tu, ambako chakula kilikwenda kwa mwenye bwana mzuri, na somo lao la kwanza kabla ya zile Amri Kumi lilikuwa kwamba katika kambi ya Bwana mtoto wa hema la mwisho anakula sawa na mtoto wa hema la kwanza.

Isaya naye anaweka aya ya 7, kuwagawia wenye njaa chakula, aya sita tu kabla ya ile ya Sabato. Watu waliofunga na kuomba walimwuliza Mungu kwa nini hawaoni. Jibu lake lilipita kwenye sahani ya mtu mwingine kwanza.

Kwa kutafakari: Kwa nini tumeikariri aya ya 13 na si ya 7?

ALHAMISI: Wakati wa Mavuno

Soma Mwanzo 41:33-36. Yusufu alikusanya wakati gani? Kisha soma Malaki 1:6-8.

Katavi tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Tunavuna kati ya Mei na Julai. Shule zinafunguliwa Januari. Sasa angalieni tunachofanya: vikao vya mchango tunavikaa Januari na Februari, miezi ambayo ghala limebaki na vumbi, mahindi sokoni yamepanda bei, na mama anakopa unga kwa kopo. Halafu tunasema wazazi wa hapa hawana mwamko. Mei ile ile walipokuwa na magunia, walanguzi walifika hadi shambani na mizani yao, na hakuna mtu wa shule aliyefika.

Yusufu alikusanya wakati wa shibe. Alitenga sehemu ya tano, akaiweka mijini, chini ya ulinzi. Serikali yetu inafanya vivyo hivyo. Vihenge vya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula vipo pale Mpanda na kila mtu anaviona. Shule inaweza kufanya hivyo kwa kadiri yake. Mchango wa mwaka ujao ukusanywe Juni na Julai mwaka huu.

Tufanye hesabu pamoja, maana wazazi wengi hukataa kitu wasichokijua ukubwa wake. Mwaka wa shule una siku 194 za masomo. Mpimie mtoto gramu 120 za mahindi na gramu 40 za maharage kwa siku. Kwa mwaka mzima ni mahindi kilo 23 na ushee, na maharage karibu kilo 8. Yaani debe moja la mahindi na nyongeza kidogo, na kindoo cha maharage. Katika gunia la kilo mia moja wanakula watoto wanne mwaka mzima na kinabaki kidogo. Mzazi mwenye watoto wanne shuleni anadaiwa gunia moja la mahindi. Si dogo. Lakini mwezi wa Juni gunia hilo lipo.

Sasa Malaki. Makuhani walileta madhabahuni mnyama kipofu, kilema, mgonjwa, na Bwana akawauliza kama liwali wao angempokea mnyama wa namna hiyo. Nimefungua magunia katika stoo za shule nikakuta mahindi yaliyooza, yenye ukungu wa kijani, yametobolewa na dumuzi. Mzazi aliyapeleka kule kwa sababu mnunuzi aliyakataa. Hili ni zaidi ya ubahili. Ukungu kwenye mahindi na karanga unaleta sumukuvu, na sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha. Mwaka 2016 watu walikufa kwa sumu hiyo Dodoma na Manyara, na watoto walikuwamo. Mahindi yaanikwe juu ya turubai, yasianikwe kwenye udongo. Yakauke kabisa kabla ya kuingia kwenye gunia, magunia yawekwe juu ya mbao mbali na ukuta, na punje zilizooza zichambuliwe na kutupwa. Mtu wa kupokea mchango asione haya kurudisha gunia bovu. Hata likiwa la mzee wa kanisa.

Jambo la mwisho kwa leo. Kila mwaka, karibu na mavuno hayo hayo, tunafanya makambi. Kwa juma zima tunapikia mamia ya watu, asubuhi na mchana, bila ada na bila daftari mlangoni. Mgeni akifika hana kitu, Dorkasi wanampakulia. Tunajua kupika kwa wengi. Tuna masufuria makubwa, tuna miiko mirefu, tuna wanawake na wanaume wanaojua kukadiria ugali wa watu mia tatu kwa macho. Kisha makambi yanakwisha, masufuria yanaoshwa, yanafungiwa stoo ya kanisa kwa majuma hamsini na moja. Shule ya msingi iko ng'ambo ya barabara, na mpishi wake anapika kwa zamu tatu kwa sababu ana sufuria moja.

IJUMAA: Jifunze Zaidi

Someni tena Marko 5:21-43 yote kwa sauti, na Yohana 6:1-13. Katika Yohana, chakula kilichowalisha watu elfu tano kilikuwa mikononi mwa mtoto: mikate mitano ya shayiri, nafaka waliyoila watu wa hali ya chini, na samaki wawili. Huenda mama yake ndiye aliyemfungia asubuhi. Andrea alikiona kidogo, akauliza kingefaa nini kwa watu wengi namna ile. Bwana hakumrudisha mtoto akalete zaidi. Aliagiza watu waketi, wote, katika nyasi nyingi za mahali pale, na Marko anaongeza kwamba waliketi safu safu (Marko 6:40). Hakuna aliyeulizwa ametoa nini.

Ikiwa kundi lenu lina mwalimu, mpishi wa shule au mjumbe wa kamati ya shule, mpeni dakika kumi za mwanzo aeleze hali ilivyo, bila kutaja jina la mtoto wala la mzazi.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika shule iliyo karibu zaidi na kanisa lenu, ni watoto wangapi hawali mchana? Kama hakuna hata mmoja katika kundi anayejua, nani ataenda kumwuliza mwalimu mkuu Jumatatu?

2. Mshiriki mmoja anasema, "Tukiwalisha watoto wa wasiotoa, mwakani hakuna atakayetoa." Hofu yake ina ukweli kiasi gani? Shule au kijiji mnachokifahamu kililitatuaje jambo hili?

3. Soma Yakobo 2:15-16. Kuna tofauti gani kati ya maneno yale na kumwambia mtoto akacheze uwanjani wakati wenzake wanakula?

4. Je, kanisa lina haki ya kuingiza mafundisho yake ya afya katika jiko la shule ya serikali, ambako wazazi ni wa imani mbalimbali? Ni yapi kati ya yale tuliyojifunza Jumatatu ambayo jirani Mwislamu au Mkatoliki angeyapokea kwa furaha, na ni yapi tuyaache nyumbani kwetu?

5. Masufuria ya makambi yako wapi sasa, na ufunguo wa stoo anao nani?